Jaribu na Jina Langu

Mama yangu alikuwa na wivu na misiba ya watu. Akirudi kutoka kilioni, kabla hata hajaifungua khanga yake, ataanza: "Nusaiba, leo watu wamejaa mpaka magari yamekosa njia. Yule marehemu ana bahati." Bahati gani ya mtu aliyekufa? Nilikuwa namcheka, naye ananuna, kwa sababu hakuwa anatania. Alitoka Newala akiwa msichana, akaolewa Temeke, akafiwa na mume Temeke, na akiba aliyojiwekea duniani ilikuwa watu tu. Alipika kwenye misiba yote ya mtaa, ya Waislamu na ya Wakristo. Aliosha maiti za wanawake ambao ndugu zao wenyewe waliogopa kuwagusa. Alilala kwenye mikeka ya wenzake hadi kiuno kikamkataa. Alikuwa anawazika ili nao wamzike, na alilisema hilo mbele ya kila mtu bila haya.

Chama chao kinaitwa Tuzikane. Ni cha watu wa kusini wanaoishi Tandika na mitaa ya jirani, na mwenyekiti wake ni Mzee Anselmo, mchonga vinyago ambaye karakana yake ndiyo ofisi. Zamani mtu akifa, vijana walitumwa nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Siku hizi watu wametawanyika, huyu kajenga Chanika, yule kapanga Kipawa, na nyumba kwa nyumba haiwezekani tena.

Na sisi tulihama. Mdogo wangu Fakihi, fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja mjini, alijenga Wazo, upande wa pili wa jiji, kule nyuma ya kiwanda cha saruji, akataka mama akae kwake. Mama akagoma. "Huko nani atanizika?" aliuliza. "Mageti?" Fakihi ana moyo mzuri, sisemi hana, ila ana ugonjwa wa kuamini kwamba kila jambo la binadamu lina programu yake.

"Mama, mie nitawatengenezea mashine," akamwambia. "Msiba ukitokea, watu wote wa Tuzikane wanapata meseji kwa mpigo mmoja. Hata mtu akifia Wazo, Temeke nzima itajua kabla maji ya kumwoshea hayajachemka."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Kwa ahadi hiyo mama akafunga mizigo. Nami nikahama naye, maana nilikuwa nimeachika na hapakuwa na cha kunishikilia Temeke.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo isiyo hata na kioo, ikawekwa kwenye rafu karakanani kwa Mzee Anselmo, katikati ya vinyago vya mpingo. Ndani yake, Fakihi alituambia, mlikuwa na programu mbili zinazojiwasha zenyewe kila mashine inapowaka. Ya kwanza aliiita mwandishi: inachukua tangazo na kuliandika vizuri. Ya pili ni mtumaji: inalipeleka tangazo kwenye simu za wanachama. Mtumaji alifundishwa adabu. Usiku hatumi kitu, kwa sababu wazee wa Tuzikane wengi wana presha, na ukiwaamsha usiku kwa habari ya msiba utazika wawili. Tangazo likimkuta usiku, analishikilia hadi saa moja asubuhi.

Mwandishi naye alikuwa na kasoro yake. Kompyuta inahesabu saa za kizungu, na saa tisa alasiri kwake ni saa tatu. Sasa mwambie bibi wa Tandika kwamba hitima ya alasiri ni saa tatu uone atakavyokutazama. Badala ya kutunga hesabu ndefu, Fakihi akafanya ujanja. Alimpa mwandishi setingi yake peke yake, mstari mmoja unaoanza na herufi TZ. Mimi nilidhani ni Tanzania, kumbe ni alama ya majira ya saa. Mstari huo ulimdanganya mwandishi kwamba anaishi nchi iliyo nyuma yetu kwa saa sita. Kwetu ikiwa saa tisa alasiri, saa za huko zinasoma tisa, na yeye anaandika tisa.

"Mwandishi anaishi Brazili," Fakihi alituambia, amejaa furaha. "Mtumaji anaishi Tandika. Kila mtu na saa yake, na kazi inakwenda."

Mama alipenda sana habari hiyo. Aliwasimulia wenzake wote kwamba mwanawe ana mfanyakazi Brazili.

Tatizo ni kwamba mstari ule Fakihi aliuandika kwa mkono siku alipomwasha mwandishi kwa mara ya kwanza. Hakuuweka mahali ambapo mwandishi angeukuta kila akiamka. Umeme ulipokatika Tandika, ukarudi, mashine ikajiwasha yenyewe, na mwandishi akaamka hana habari ya Brazili wala ya nini. Akarudi kwenye saa za kizungu. Ikaja arobaini ya marehemu Didas, iliyopangwa saa tisa alasiri, na meseji ikatoka imeandikwa saa 3. Watu wa Tuzikane hawachelewi. Saa tatu asubuhi walikuwa wameshajaa uani kwa mjane wa Didas, suti na mabaibui, wakakuta wanawake ndiyo kwanza wanachambua mchele.

Mzee Anselmo hakumwonea haya Fakihi. Alimpigia simu akiwa hapohapo uani, akaweka sauti kubwa ili waliokuja bure wasikie. "Mwanangu, hii mashine yako imelewa? Ije hapa iwapikie hawa watu chai!" Watu wakacheka. Fakihi hakucheka. Yeye anavumilia kila kitu isipokuwa kuchekwa kwenye kazi yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Tandika wote watatu. Mama alitaka kuwaona wenzake, mimi nilitaka kununua vitenge, Fakihi alitaka kuimaliza kero. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Akaunganisha kompyuta yake na ile ndogo, uso umekunjamana, huku Mzee Anselmo anapiga msasa kinyago na kumtupia maneno ya pembeni.

"Safari hii naiweka kabisa kabisa," Fakihi akasema. "Kila huduma ina faili lake, ningeweza kumwekea mwandishi kwenye lake. Ila nikiuweka huku juu, kwenye mashine nzima, umeme ukatike usikatike, yeyote anayeamka anaukuta. Sitaki kusikia tena habari ya saa."

Akaandika. Akachomoa waya wa umeme, akauchomeka tena kama TANESCO wanavyotufanyia. Akatuma tangazo la majaribio, la kikao cha uongo cha saa kumi. Simu ya Mzee Anselmo ikalia palepale, na ya mama ikalia. Saa 10, imeandikwa. Mzee Anselmo akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Mama hakuridhika. "Hilo la kikao halinihusu," akasema. "Jaribu na jina langu. Nataka nione litakavyoandikwa."

"Mama, acha uchuro!"

"Uchuro gani? Siku yenyewe sitaisoma. Jaribu kesho asubuhi nikiwa Wazo, nione kama kweli inafika huko."

"Inafika, mama. Si umeona imefika?" Akafunga kompyuta yake. Alikuwa na haraka, na jina la mama yako hulitangazi kama la marehemu kwa kujaribu tu. Hata mimi niliona kashinda katika hilo.

Mama alifariki Wazo, baada ya sala ya alfajiri. Hakuumwa. Nilimkuta ameketi juu ya mswala wake, ameegemea ukuta, nikamwita, nikamshika bega, na bega likaja lote. Nilipiga ukelele ambao Temeke ungefungua milango yote ya mtaa. Wazo walibweka mbwa.

Fakihi alitoka chumbani kwake na bukta. Alilia kama mtoto, kisha akajikaza, akanawa uso, akachukua simu yake. Saa mbili alikuwa ameshaandika tangazo na kulipeleka kwenye mashine: Bi Hamida, zamani wa Tandika, ametutoka, mazishi leo saa saba, baada ya adhuhuri, Wazo. Simu ikamjibu kwamba tangazo limepokelewa. Alinionyesha. Nililiona neno hilo kwa macho yangu, limepokelewa, na wala sikujiuliza limepokelewa na nani.

"Ngoja nimpigie Bi Apolonia," nilimwambia. Bi Apolonia alikuwa shoga wa mama wa tangu ujana, Mkatoliki wa Masasi, wamepika pamoja kwenye misiba mpaka masufuria yanawajua. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya mama, na simu ya mama ilikuwa imezima chaji.

"Dada, nimeshatangaza. Ukianza mmoja mmoja utamaliza lini? Nenda kamtayarishe mama."

Nikaenda. Imamu wa msikiti wa jirani, Mungu amlipe, alileta mwanamke mmoja anayejua kuosha. Tukamwosha wawili, mimi na yeye. Alinifundisha pa kushika na pa kumwaga maji kwa upole sana, lakini hakumjua mama. Aliniuliza jina lake ili amwombee dua. Mikono iliyoosha nusu ya wanawake wa Tandika ikaoshwa na mgeni, nami nikajipa moyo kwamba hawa wa Temeke wako njiani, wakifika watanikuta nimeshamaliza na watanigombeza.

Saa nne hakufika mtu. Saa tano hakufika mtu. Kila gari lililopita nilitoka.

"Foleni ya Mwenge," Fakihi akasema. "Unaijua."

"Foleni gani ya kumzuia Bi Apolonia? Huyo angekuja kwa miguu."

"Dada, usinichanganye. Mie nimechanganyikiwa tayari."

Nilimsihi wangoje hadi alasiri. Imamu akasema maiti haicheleweshwi, na sina ugomvi naye, hiyo ndiyo sunna. Adhuhuri ikaadhiniwa. Wakamswalia. Ulipofika wakati wa kulibeba jeneza, wanaume walikuwa hawatoshi kupokezana. Fakihi ilibidi atoke nje, aende kwenye jengo la jirani, awaombe mafundi waliokuwa wanachanganya zege. Waliacha koleo zao wakaja, miguu na mikono imejaa saruji, wakatia bega. Niliwaona kwa dirishani. Mmoja wao alimwuliza mwenzake, "Ni nani huyu?" na mwenzake akabetua mabega.

Nilibaki na wanawake wachache ndani, hatuna la kuzungumza. Ili nisiangalie mkeka wa mama, nikaichomeka simu yake kwenye umeme. Ikawaka. Haikupita muda, adhana ya adhuhuri imeshapita zamani na wanaume wako makaburini, ikalia mkononi mwangu.

Mwenzetu Bi Hamida, zamani wa Tandika, ametutoka. Mazishi leo saa 7, Wazo kwa mwanawe Fakihi. Tusikose.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba.

Fakihi aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni na ile simu nimeinyoosha mbele kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. Hakuisoma. "Najua," akasema. Akaingia chumbani kwa mama, nikamfuata, nikafunga mlango. Mchanga wa kaburi ulikuwa bado magotini mwake.

"Nilikuwa ndani ya kaburi, dada. Nimempokea, nimeshamlaza. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikajua hapohapo."

"Umejua nini?"

"Nimewahamisha wote Brazili."

Nilimwambia aseme Kiswahili. Akaeleza, anatazama chini. Ule mstari ulikuwa wa mwandishi peke yake. Yeye aliuweka kwenye mashine nzima, na mtumaji akaupata pia. Mtumaji naye akaamini anaishi nyuma yetu kwa saa sita. Saa mbili asubuhi, tangazo la mama lilipomfikia, kwake ulikuwa usiku wa manane. Akafanya alivyofundishwa: akalishikilia, asiwaamshe wazee. Kwetu ilipogonga saa saba mchana, kwake ndiyo kumekucha, akawaambia watu wote kwa mpigo mmoja, kama alivyoahidi Fakihi.

"Lakini si ulijaribu? Simu zililia."

"Nilijaribu mchana. Mchana wetu kule ni asubuhi, anatuma. Ningejaribu asubuhi..." Hakumaliza, na sikutaka amalize. Wote wawili tulikuwa tunamsikia mama karakanani. Jaribu kesho asubuhi nikiwa Wazo.

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia toka humu ndani, umekaa kwenye kitanda cha mama.

Alasiri wakaja. Walikodi koasta, wakapanda bodaboda, wakaja na magari ya watu, barabara yetu ya vumbi ikajaa kutoka kwenye geti letu hadi mwisho wa ukuta wa jirani. Majirani wakatoka kuangalia kuna nini. Walikuwa watu ambao mama aliwaota maisha yake yote, wamejaa mpaka magari yamekosa njia, na yeye alikuwa ameshafukiwa.

Bi Apolonia hakuingia ndani. Alikaa chini nje ya geti, kwenye mchanga, na gauni lake la misibani.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Sikuitikii!" Sauti yake ilisikika uani kote. "Mficha maradhi kilio humuumbua, ila nyie wa Wazo mmeficha hata kilio! Mmemzika saa ngapi? Na nani? Mmeona haya, eh? Mmeona haya sie watu wa uswahilini tusije kuwachafulia vigae!"

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi? Hamida alimwosha mama yangu mzazi. Mie ni nani hata ninyimwe kumshika mguu?"

Watu wakaguna, na mguno ule ulikuwa wa kukubaliana naye. Niliona nyuso zinavyotugeukia. Hili ndilo ambalo mama angelia nalo kuliko kufa: watoto wake kuonekana wamemficha. Hapo Mzee Anselmo akasogea mbele, kofia mkononi.

"Jamani, tusiwalaumu watoto," akasema. "Mashine iko kwangu. Umeme wetu mnaujua. Huenda ulikatika na mie nimelala, sikuangalia. Kosa ni langu kama mwenyekiti."

Nilimtazama Fakihi. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, na mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake na mzee mwenye heshima. Angenyamaza tu, umeme ungebeba lawama, kama unavyobeba lawama za nchi nzima. Niliomba moyoni asinyamaze. Niliogopa kwamba akinyamaza nitamchukia kwa muda mrefu.

"Si umeme, mzee," Fakihi akasema. "Shikamooni wote. Ni mie. Mlinicheka siku ya arobaini ya mzee Didas, nikaona haya, nikataka kuimaliza kazi haraka. Kitu kilichotakiwa kiwekwe kwa mmoja, nikakiweka kwa wote. Mashine ilidhani ni usiku, ikawaacha mlale. Mama aliniomba nijaribu na jina lake, asubuhi, nikakataa. Kabebwa na mafundi wa hapo jirani. Mie ndiye niliyewanyima kumzika."

Nadhani wengi hawakuelewa habari ya mashine, lakini walielewa mafundi wa jirani. Mwanamke mmoja akaanza kulia upya, kwa sauti.

Bi Apolonia akainuka, akakung'uta gauni. Akamgeukia Fakihi. "Mama yako amezika watu maisha yake yote," akasema, bila ukali sasa, na ningependa angesema kwa ukali. "Na mwanawe akamzika na vibarua. Twende unionyeshe alipo."

Wakaenda, watu wote wale, kwa miguu hadi makaburini. Wanaume wakasoma dua, Wakristo wakasimama kimya vichwa wazi, na Bi Apolonia akaupangusa udongo wa kaburi kwa viganja, akiusawazisha polepole mahali ambapo mafundi waliofukia waliacha mabonge. Mimi nilisimama mbali. Alipomaliza hakututazama, alikwenda moja kwa moja kwenye koasta.

Asubuhi yake Fakihi aliondoka na gari kwenda Tandika bila kunywa chai. Sikumwuliza anakwenda wapi. Jua lilikuwa limeshapanda kidogo aliponipigia.

"Dada, simu ya mama iko hewani?"

"Iko."

"Niko na Mzee Anselmo. Nimeutoa ule mstari kwenye mashine, nimemwekea mwandishi kwenye faili lake mwenyewe, yeye tu. Nimechomoa waya, nimerudisha. Programu zote mbili zimewaka zenyewe." Nilisikia msasa wa mzee umesimama. "Nataka kujaribu. Kwa namba ya mama peke yake, haiendi kwa mwingine."

Nilijua atajaribu na tangazo gani. Nikaichukua ile simu, nikakaa nayo kwenye mswala, pale alipokuwa ameegemea.

"Jaribu," nikamwambia.

Ikalia kabla sijavuta pumzi. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, Bi Hamida, zamani wa Tandika, na saa ilikuwa ya Kiswahili, na ilikuwa asubuhi, na ilikuwa Wazo, kama alivyotaka.

"Imefika," nikasema.

Upande wa pili nikamsikia Mzee Anselmo anauliza, "Imefika?" Akauliza tena. Nikamsikia Fakihi analia.